Fisi Niliowakata Kwenye Daftari la Shule

Ijumaa, mwezi wa sita, 1967. Busia.

Mvua imetishia tangu saa sita mchana na mpaka sasa haijanyesha. Hewa ni nzito. Malori yamepanga foleni hadi karibu na duka la Bwana Salim yakisubiri kuvuka kwenda Uganda, na mimi nimekaa chumbani, gundi ya muhogo imenikaukia vidoleni. Nimejaribu kunywa chai mara mbili, na mara zote mbili imepoa mbele yangu.

Nitaandika yote leo, hata yale ya kunitia aibu. Hasa hayo.

Nimeharibu daftari la shule. Halafu kwa siku mbili nikamwacha mzee wa watu ahangaike kulitafuta, huku najua lilipo.

Yalianza kwa nia njema, ingawa nia njema hainisaidii kitu jioni hii. Ninafundisha darasa la kwanza, watoto arobaini na sita: Wateso, Wakhayo, Wasamia, na wawili watatu ambao baba zao wanafanya kazi pale forodhani. Wote wanajua kuhesabu hadi mia kwa wimbo, na wanaimba vizuri mpaka wapita njia husimama. Nami nilijisifu kwamba nimefundisha hesabu. Asubuhi moja mwezi uliopita niliandika ubaoni 12 kwa tarakimu ndogo, kwa sababu chaki ilikuwa imebaki kipande, kisha nikapata chaki nzima na kuandika 7, kubwa. Nikauliza, "Namba gani ni kubwa?"

Darasa zima lilinyosha vidole kwenye saba.

Nilidhani wananichezea. Nikamwita Okumu, mtoto wa mhunzi, ambaye hajui kuogopa. Akaja mpaka ubaoni na kuigusa ile saba kwa kiganja. "Hii, mwalimu. Hata kipofu ataona."

Wengine walicheka, mimi sikucheka. Niliuliza kubwa, naye akanionyesha kubwa. Tangu mwaka uanze watoto wale walikuwa wameimba namba kama majina ya vijiji wasivyowahi kufika. Hawakujua kwamba kumi na mbili ni nyingi kuliko saba. Hakuna aliyewaonyesha, na mwalimu wao ni mimi.

Nilimwambia Mwalimu Wandera, mwalimu mkuu wetu. Akaniambia niandike ubaoni alama ya >, ile ya kuonyesha iliyo zaidi, na watoto waikariri. "Mkaguzi anakuja mwezi ujao, Mwalimu Nafula. Atauliza hesabu. Hatauliza michezo." Halafu akagusa bahasha iliyokuwa mezani pake. Ndani yake kuna barua yangu ya kuomba nafasi katika chuo cha ualimu. Mimi sina cheti, ninafundisha kwa sababu walimu ni wachache tu. Bila sahihi yake barua ile haiendi popote, na bila neno zuri la mkaguzi hata sahihi yake haitoshi.

Hata hivyo sikukaririsha. Nilimfikiria fisi.

Kila mtoto wa huku amesimuliwa habari za fisi mlafi. Mwekee nyama mafungu mawili, atakimbilia lililo kubwa bila kufikiri. Basi nikawafundisha kukunja karatasi ikawa kichwa cha fisi, chenye masikio mawili ya kukata kwa mkasi na mdomo unaofunguka ukibanwa kwa vidole. Tukakata pia vikanda vya karatasi, tukavigandisha kuwa pete, na pete tukazifunganisha kuwa minyororo. Mtoto anaweka minyororo miwili mezani, anahesabu pete, halafu fisi wake anafungua mdomo upande wa nyingi. Nilijifunza kusema nyingi, nikaacha kusema kubwa. Wiki ya pili nilipochora alama ubaoni, walipiga kelele wote, "Mdomo wa fisi!" Sikuhitaji kueleza.

Tatizo lilikuwa karatasi. Fundi cherehani aliniazima mikasi miwili, na Bwana Salim akanipa karatasi za kufungia sukari, akakataa hata shukrani. Lakini karatasi ya sukari ni laini. Siku ya pili midomo ililegea, fisi wakawa wanalia badala ya kula. Nilihitaji karatasi ngumu. Chini kabisa ya kabati la ofisi kulikuwa na kitabu kikubwa kisicho na jalada, kimefungwa kwa kamba ya katani, kimejaa vumbi. Nilifungua ukurasa mmoja, nikaona safu za wino uliopauka, nikajiambia ni mambo ya serikali ya zamani, nani anayahitaji tena.

Ningeweza kuuliza. Ofisi na kabati vilikuwa wazi na mwalimu mkuu alikuwa hatua kumi kutoka pale. Sikuuliza kwa sababu nilijua angekataa.

Nilitoa kurasa thelathini na moja.

Fisi wa karatasi ile walisimama vizuri. Ndani ya mdomo tulipaka wino mwekundu, na maandishi yakafichika. Watoto kumi na wawili waliomba kwenda na fisi wao nyumbani, nikawaruhusu. Nilikuwa na furaha siku zile, siwezi kukana.

Kisha ikaja Jumatano, juzi.

Mzee Barasa ndiye anayetunza shule yetu. Anafungua milango, anagonga kengele, anachoma takataka, na ufunguo wa ofisi na wa kabati unakaa kwake. Binti yake wa mwisho, Agneta, alianza masomo hapa hapa kwetu, na sasa amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Anatakiwa kuripoti Jumatatu. Wanataka barua kutoka shule yake ya kwanza, ionyeshe mwaka alioingia na kwamba ametimiza miaka kumi na minane. Mwalimu mkuu alikubali kuiandika, ila kwanza lipatikane daftari la kuandikisha wanafunzi.

Mzee alinikuta barazani. "Mwalimu, macho yangu haioni vizuri kule chini ya kabati. Nisaidie kutafuta. Ni kubwa, haina jalada, nililifunga mimi mwenyewe na katani."

Nilijua mara moja ni daftari lipi.

Nikamfuata. Nikapiga magoti kando yake. Nikaondoa maboksi, nikayapangusa, nikayarudisha. Nilimwambia, "Labda liko juu, mzee," naye akaenda kuleta kiti apande, na goti lake lile baya. Kamba yake ya katani ilikuwa darasani kwangu, nimefungia vikanda vya karatasi.

Sijui niandike nini hapa. Sikusema, basi. Niliiona ile bahasha mezani nikanyamaza.

Jana niliwaambia watoto wote warudishe fisi leo. Wakati wa mapumziko nilijifungia darasani nikafungua midomo ya wale waliokuwapo, mmoja baada ya mwingine. Nikakuta majina ya watu ambao sasa ni baba na mama za watu. Jina la Agneta halikuwamo. Kwa hiyo lilikuwa nyumbani kwa mmoja wa wale kumi na wawili. Nilipanga kwamba likipatikana nitalichomeka chini ya kabati, Mzee Barasa aliokote mwenyewe. Huo ndio ulikuwa mpango wangu. Kukiri hakukuwamo.

Lakini mkaguzi alifika leo saa mbili na nusu, kabla sijafungua hata mdomo mmoja wa fisi waliorudishwa.

Ni mtu mrefu, mkimya, suruali yake imejaa vumbi la pikipiki. Alikaa nyuma na daftari lake gotini, mwalimu mkuu akakaa pembeni. Niliwapa watoto minyororo. Sauti yangu ilikuwa juu mno, nilijisikia. Okumu na msichana anayeitwa Akisa walikuja mbele kulinganisha minyororo yao. Wa Okumu ulikuwa na pete saba na wa Akisa tisa. Wakaishika juu, kando kwa kando.

Wa Okumu ulikuwa mrefu zaidi.

Alikuwa amekata vikanda virefu kuliko vya wenzake, pete zake zikatoka kubwa kubwa, na mimi kwa hofu zangu sikuona. Fisi wa Okumu akafunguka upande wake mwenyewe. "Yangu ndiyo nyingi," akasema. Nusu ya darasa ikaitikia, "Ndiyo!" Nilimwona mkaguzi akiandika. Mwalimu Wandera alitazama dari.

Nilitaka kuingilia. Mkaguzi akainua kidole, nisiseme.

Akisa aliutazama mnyororo wa Okumu kwa muda mrefu, mpaka nikadhani atalia. Kisha akauchukua mkononi mwake na kuuweka mezani, akagusa pete moja moja, midomo ikicheza. Akafanya hivyo kwa wake. "Yake ni ndefu," akasema polepole, Kiswahili chake bado kinapita kwanza kwenye Kiteso. "Lakini haiko mingi. Okumu alikata kubwa kubwa. Hata mtu mrefu ni mmoja tu."

Okumu akahesabu. Akahesabu tena. Akamgeuza fisi wake bila neno, mdomo ukaelekea kwa Akisa.

Mkaguzi alicheka. Alicheka kweli, akafunga daftari, akaja mbele. Kwa muda kama wa kuvuta pumzi mbili nilijua kwamba nimeshinda. Akamchukua fisi wa Akisa mkononi, akabana mdomo, ukafunguka. Ukafungwa. Ukafunguka tena. Akausogeza karibu na macho.

Wino wetu mwekundu ulikuwa hafifu kwa fisi yule. Akasoma kwa sauti jina la mtu, jina la baba, umri. Akamgeukia mwalimu mkuu. "Hii ni karatasi gani?"

Mwalimu Wandera alimpokea yule fisi na kumkunjua. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika hivyo. Hakunitazama mimi. Alikwenda mlangoni akaita, "Barasa! Njoo hapa!"

Mzee akaja na kofia mkononi.

"Ufunguo wa kabati unakaa na nani?"

"Unakaa na mimi, bwana mwalimu."

"Na daftari la shule limefikaje kwenye mikono ya watoto? Umeliuza kama karatasi ya kufungia? Siku mbili unanidanganya unatafuta?"

Mzee Barasa aliiona ile karatasi. Alitambua, maana alifunga macho. Hakujitetea. Mtu ambaye kwa miaka yote hajawahi kuchelewa kugonga kengele alisimama pale mbele ya watoto wa darasa la kwanza akasema tu, "Sijui, bwana mwalimu. Lakini ufunguo ni wangu."

Nikasema, "Ni mimi."

Sauti ilitoka ndogo. Nikarudia. Nikasema nilichukua daftari bila ruhusa wiki iliyopita, nilikata mwenyewe, mzee hana habari. Ningeweza kuishia hapo, lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikasema na lililobaki: kwamba tangu Jumatano nilijua anatafuta nini.

Mwalimu mkuu alifoka, sikumbuki hata alisema nini. Ninachokumbuka ni Mzee Barasa kunigeukia taratibu na kuniambia, bila hasira yoyote, "Mwalimu, siku ile tulitafuta pamoja."



Mkaguzi ndiye aliyetuamsha. Aliagiza watoto wakunjue fisi wote wa karatasi ngumu. Baadhi walilia, ilibidi niwaahidi fisi wengine. Kurasa zilikuwa na namba kwenye kona ya juu, na mkaguzi akazitandaza sakafuni ovyo ovyo, akitafuta kuzipanga yeye na mwalimu mkuu. Watoto walisogea kidogo kidogo. Akisa akamwambia Okumu, "Yako ni ishirini na sita, nenda nyuma ya hii." Okumu akaenda. Mwingine akavuta thelathini na nne, akaibeba mpaka mwisho wa mstari, akakuta thelathini na tisa, akarudi hatua moja. Walibishana, wakasukumana, mara mbili wakakosea na kujisahihisha wenyewe. Mkaguzi aliinuka, akapangusa magoti, akakaa pembeni kuwatazama. Hakuna mtu aliyewafundisha hilo leo. Nilitamani kufurahi nikashindwa.

Ukurasa wa Agneta ulikuwa wa thelathini na tatu. Ulipatikana.

Jina lake lipo, jina la baba lipo, mwaka alioingia upo: 1955. Ila sikio la fisi lilikatwa kwenye safu ya umri. Mkasi ulipita katikati ya tarakimu, ukaacha mguu tu, mstari mmoja unaoshuka. Ingeweza kuwa saba au tisa; nne haiwezi, maana mtoto wa miaka minne haandikishwi. Kipande kilichokatwa kilikwenda na takataka, na takataka Mzee Barasa mwenyewe alizichoma.

Tulihamia ofisini. Mwalimu mkuu alisema hawezi kuandika umri asioujua, hatatia sahihi kwenye kubahatisha. Mama yake Agneta alikwishafariki, na mzee hana karatasi nyingine. Alisema binti alizaliwa wakati wa mvua nyingi. Mvua gani, mwaka gani, hakuna aliyejua. Mzee alikaa ukingoni mwa benchi, akiikunja kofia.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kama mtoto aliyefukuzwa. Nilikuwa nazirudia namba kichwani. Saba. Tisa. Nikasema, "Samahani. Wanataka miaka kumi na minane, si zaidi?"

Mwalimu Wandera akaniambia nimeshafanya ya kutosha leo. Mkaguzi akasema, "Mwache amalize."

Nikasema: tangu mwaka ule hadi sasa ni miaka kumi na miwili. Kama aliingia akiwa na saba, leo ana kumi na tisa. Kama aliingia na tisa, ana ishirini na mmoja. Hatujui ni ipi, lakini hata ile ndogo ni kubwa kuliko kumi na minane. Aandike kwamba hapungui miaka kumi na tisa. Huo ni ukweli, hata kwa tarakimu iliyokatwa.

Mkaguzi alihesabu kwa vidole, akatikisa kichwa kukubali, akasema atatia sahihi yake chini kama shahidi. Barua ikaandikwa.

Kuhusu mimi, mkaguzi alisema maneno machache akiwa amekwisha panda pikipiki. "Kosa lako nitaliandika. Na somo lako nitaliandika. Sitaacha hata moja." Mwalimu mkuu hajasema kama atatia sahihi barua yangu. Ameniamuru nirudishe kurasa zote mahali pake kabla ya Jumatatu, na ndiyo maana nimekaa hapa na bakuli la gundi. Bahasha aliichukua mezani akaiweka kwenye droo, akafunga. Sijui maana yake.

Lakini hilo silo linalonisumbua.

Saa nane Agneta alikuja shuleni kuchukua barua. Ni msichana mwembamba, ana sauti kama ya babake. Nilikuwa ofisini, nimeanza kugandisha. Aliona ukurasa wenye jina lake mezani, umejaa mikunjo na wino mwekundu, umekatwa kona. Akaugusa kwa kidole. "Baba, hii karatasi ilipatwa na nini?"

Mzee Barasa hakunitazama hata kidogo. "Mchwa, mwanangu," akasema. "Mchwa waliingia kabatini."

Akamshika bega, wakatoka.

Na mimi nikanyamaza tena. Kwa mara ya pili wiki hii nilimwacha mzee yule abebe kitu changu, safari hii akikibeba kwa hiari yake, mbele ya mtoto wake, akajitia uzembe wa kuacha mchwa waingie kwenye kabati analolilinda yeye. Asubuhi nilisema kweli kwa sababu nilikuwa nimekamatwa, au karibu nikamatwe. Saa nane hakuna aliyenikamata. Je, mimi ni yupi kati ya hao wawili?

Agneta anaondoka Jumapili. Kwao ni Matayos, na kutoka hapa ni mwendo wa kutembea nikitoka mapema. Kesho nitakwenda. Sitabeba zawadi, maana zawadi ingekuwa kama kununua kitu. Mzee akiwapo nitamwomba akae asikie, na akinikataza nitasema vilevile.

Nitatoa salamu, kisha nitamwambia hapakuwa na mchwa.